Sauti ya maji nyuma ya dashibodi: hita haina kosa

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina Toyota ninayobebea samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi, na mara nyingine nafika Mombasa. Kwa mwezi hivi sasa, kila nikiwasha asubuhi nasikia maji yakitiririka nyuma ya dashibodi, kama mfereji ulioachwa wazi. Baada ya dakika chache hutulia, kisha nikikanyaga mafuta kwa nguvu hurudi. Geji ya joto haijapanda hata siku moja, ila chupa ya kulanti (maji ya kupozea injini) naiongeza maji kila baada ya wiki mbili. Fundi wa mtaani anasema ni hita, na kwa kuwa Malindi hakuna baridi, ataitoa kwenye mzunguko na kuunganisha mipira yake moja kwa moja. Akimaliza atoe na thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto. Nimkubalie? (Msomaji, Muyeye)

JIBU: Waalaikum salaam. Usimkubalie, na kama ameshakata mipira, mwambie airudishe.

Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Gari linalopungukiwa maji na papo hapo linatoa sauti ya maji lina hewa ndani ya mfumo. Mfumo uliojaa hausikiki. Kinachosikika ni maji yanayopita penye pengo. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na kwenye magari mengi imekaa juu, kwa hiyo hewa hupanda na kutulia humo gari likilala. Asubuhi pampu inaanza kuisukuma, nawe umeketi hatua moja kutoka hapo. Ukikanyaga mafuta pampu inaongeza kasi, hewa inasukumwa tena.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha. Huku kwetu pwani, kuikata hita kumegeuka dawa ya kwanza ya sauti hii. "Nani anawasha hita Malindi?" Swali linasikika la busara, na mteja hana la kujibu. Mipira miwili inaunganishwa, sauti inatoweka siku ileile, mtu analipa na kushukuru. Wallahi, sijui ni hedi ngapi (kile kichwa cha injini kinachofunika silinda) zimeungua kwa shukrani hizo. Hewa bado imo ndani. Sehemu uliyokuwa ukiisikia ndiyo imeondolewa. Itatafuta pengine pa kukaa juu juu, na mara nyingi pengine hapo ni ndani ya hedi yenyewe, juu ya vyumba vya moto. Hewa na mvuke havibebi joto kama maji yanavyobeba. Panapokaa povu, chuma cha hapo kinapata moto kuliko jirani yake, na hedi za siku hizi ni za alumini, hupinda upesi. Ikishapinda, gasketi inayoziba chini yake inaachia, na utaambiwa hedi iende kusagwa inyooke.

Kuna ubaya mwingine. Kuna injini ambazo njia ya hita ndiyo inayoendelea kuzungusha maji wakati thamostati imefunga. Anayeunganisha mipira angalau ameacha njia. Nimeona iliyokunjwa na kuzibwa kwa bolti na klipu, maji hayana pa kupita. Isitoshe, gari likianza kuchemsha kwenye foleni ya Mtwapa, hita ikifunguliwa joto la mwisho na feni yake yote huondoa joto kidogo kwenye injini mpaka upate pa kuegesha. Utatoka jasho, lakini injini itapona.

Usijitulize kwa geji. Kihisi chake hupima maji yanayokigusa. Kikizungukwa na hewa kinaweza kusema uongo. Na geji nyingi za magari ya karibuni zimetengenezwa zisimame katikati kwa nafasi pana ya joto, zisimtie dereva wasiwasi. Zikianza kupanda, umeshachelewa. Hata chupa ya akiba si ya kuaminiwa peke yake. Injini ikipoa, kifuniko cha rejeta hufungua vali ndogo na kuvuta kulanti kutoka kwenye chupa. Raba ya kifuniko ikichoka, au mpira wa kwenda kwenye chupa ukipasuka, huvutwa hewa badala ya maji. Chupa inaweza kuonekana sawa na rejeta ina pengo.

Kwa hiyo kazi ni moja: kujua maji yanakwenda wapi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa moto usiguse kifuniko, utaungua uso), fungua rejeta ujaze hadi shingoni. Washa, acha kifuniko wazi, tazama. Povu chache zikitoka kisha zikaisha, hiyo ni hewa iliyokuwa imenaswa. Povu zikiendelea bila kukoma, na zikiongezeka ukivuta mafuta, shuku gasketi ya hedi: moshi wa mlipuko unaingia kwenye maji. Funga kifuniko siku nyingine, washa ikiwa baridi, ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, ni dalili ileile. Gereji yenye vifaa itakuwa na dawa ya buluu inayowekwa kwenye shingo ya rejeta. Ikigeuka manjano, kuna hewa ya moto kutoka kwenye silinda. Mtihani huo ni mfupi, na humaliza ubishi.

Kama gasketi ni nzima, rejeta ipigwe pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, hadi namba ya presha iliyoandikwa juu ya kifuniko chenyewe, mara nyingi 0.9 au 1.1, isubiriwe robo saa. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali. Tafuta chini ya pampu ya maji, pana tundu dogo, na uvujaji wa pole pole huacha ukoko wa rangi ya kulanti bila hata tone chini. Tazama klipu za mipira. Gusa zulia la upande wa abiria: likiwa limelowa maji yanayonata na yenye harufu tamu, hita yenyewe ndiyo inayovuja, na hapo ibadilishwe. Maji ya eisi (kiyoyozi) hayanati wala hayana harufu. (Eisi nayo ina sauti yake: huku unyevu ni mwingi, na tundu la kutolea maji likiziba, utasikia maji yakicheza ukikata kona. Yako hayafanyi hivyo, na kulanti isingepungua.)

Ukishatengeneza, hewa itolewe kwa subira. Malindi ni tambarare, kwa hiyo panda magurudumu ya mbele juu ya mbao imara, funga breki ya mkono, weka hita joto la mwisho, jaza, acha injini inguruke na kifuniko wazi mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukiminya mpira wa juu na kuongeza kulanti inavyoshuka. Thamostati nyingi za Toyota zina kipini kidogo kinachochezacheza; kazi yake ni kupitisha hewa wakati wa kujaza, nacho lazima kikae juu. Fundi akikiweka chini atakesha.

Na thamostati hiyo ndiyo fundi wako anayotaka kuitoa! Hii hadithi kwamba thamostati ni ya nchi za baridi ningependa izikwe. Nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82. Joto la Malindi, hata Machi, halifiki nusu yake. Bila thamostati injini hukaa chini ya joto lake, kompyuta inaongeza petroli, oili inachafuka mapema. Na kwenye injini ambazo thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, kuitoa kunaacha sehemu ya maji ikizunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari litakuwa poa ukizunguka mjini, kisha lichemshe ukiwa na mzigo wa samaki na barafu ukienda Mombasa.

Tiba za kutoa ziko nyingi. Wengine hung'oa vali ya kifuniko "kupunguza presha". Presha ndiyo inayozuia maji kuchemka: sisi tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100, lakini chini ya kifuniko cha 1.1 yanastahimili hadi karibu 120. Ukiitoa umeuza nyuzi 20 bure. Na tiba za kutia ni mbaya zaidi: unga wa kuziba, ute wa yai, pilipili manga. Vitu hivyo havijui tundu la kuvuja na tundu la kazi. Vijia vya hita ni vyembamba, huziba vya kwanza, kisha rejeta.

Hilo la kuongeza maji nalo liache. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na mengi yana chumvi. Chokaa huganda ndani, chumvi hula alumini. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au changanya nusu kwa nusu na maji ya betri. Soma chupa kwanza, dukani asidi hukaa rafu moja na maji hayo.

Na wewe unayesoma haya ukitafuta gari la mkono wa pili, fungua boneti utazame ukuta ulio nyuma ya injini. Pana mirija miwili ya kuingia kwenye hita. Ukiikuta mitupu, na mpira umekunjwa ukarudi kwenye injini, muulize muuzaji lilichemsha lini na nani aliishusha hedi. Asipokuwa na jibu, mrudishie funguo.