Kabla ya mashine, kaa na bibi: kutafuta jeni za upofu wa kurithi Mtwara na Lindi

Mgeni wa kazi hii huikimbilia mashine ya kusoma vinasaba. Jeni zinazojulikana kuharibu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kwa kurithi zimepita 250 na dalili zake hufanana, huku kila mtu, hata mzima, akiwa na maelfu ya mabadiliko katika vinasaba vyake. Bila mti wa ukoo ulio sahihi utakosa cha kuchujia. Anza mkekani, kwa bibi mzaa mama.

Kiswahili chenyewe kitakutega. "Kaka yangu" anaweza kuwa mtoto wa baba mkubwa, na "mama" akawa mama mdogo. Usichore mstari wowote kabla ya kuuliza: tumbo moja? Baba mmoja? Muulize mtu wa pili peke yake, ulinganishe. Uliza pia kama wazazi ni binamu, maana wanaochangia babu na bibi hubeba kwa urahisi zaidi badiliko lilelile, na magonjwa yanayohitaji nakala zote mbili za jeni, ya baba na ya mama, ziwe mbovu hujitokeza hapo. Wajina ni wengi, kwa hiyo kila mtu apewe namba ya familia, kizazi na nafasi yake, mfano MT07-III-4.

Mtego mkubwa zaidi ni huu. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera kimila huhesabu ukoo kwa mama. Bibi atakutajia wajomba wanne wasioona, na upande wa baba asitaje hata mmoja. Karatasini utaona ugonjwa wa kromosomu ya X (mtoto wa kiume huipata kwa mama tu), au wa mitokondria (sehemu za seli zenye vinasaba vinavyotoka kwa mama), kumbe umechora nusu ya familia. Ufuate upande wa baba hata kama wamehamia Newala au Liwale. Baba mgonjwa akiwa amemrithisha mwanawe wa kiume, achana na X. Akiwa amemrithisha mtoto yeyote, achana na mitokondria.

Umri wa kuanza kuugua wengi hawaukumbuki kwa miaka, ila jando na unyago hazisahauliki: alianza kujikwaa kabla ya kuingia jandoni au baada? Na usiulize "una upofu wa usiku?" Uliza kama akitumwa dukani magharibi huparamia vigoda, au kama mchana hatambui sura za watu ilhali usiku anatembea bila shida. La kwanza linaelekea retinitisi pigmentosa, inayoanza kwa kuua uoni wa gizani na wa pembeni, la pili ugonjwa wa Stargardt, unaoharibu katikati ya retina. Uliza usikivu pia: mtoto aliyezaliwa kiziwi, akachelewa kutembea hadi kupita miezi 18, kisha akaanza kutoona gizani, afikiriwe ugonjwa wa Usher. Hesabu vidole, kidole cha sita pamoja na unene huelekeza ugonjwa wa Bardet-Biedl.

Mtoto asiyeona gizani atibiwe kwanza upungufu wa vitamini A. Aliyezidi mwaka mmoja hupewa yuniti 200,000 leo, kesho, na tena baada ya wiki mbili. Ikiwa ni upungufu, ataanza kuona gizani ndani ya siku chache. Lakini unayemshuku Stargardt usimwache ameze vitamini A nyingi kwa muda mrefu. Pima na kaswende, kwa kuwa huacha madoa meusi yanayoiga retinitisi pigmentosa. (Macho mekundu ya salfa inayopuliziwa mikorosho yasikupoteze, hayo ni ya nje.)

Damu haihitaji maelezo mengi: mililita 4 kwa mtu mzima, 2 kwa mtoto, kwenye tyubu yenye kifuniko cha zambarau, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Ile ya kijani ina heparini, nayo hukwamisha PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za vinasaba maabara. Weka kitambaa kati ya tyubu na vipande vya barafu ili damu isigeuke barafu. Andika kwa penseli, kwani spiriti hufuta wino. Msipange safari Oktoba hadi Desemba, watu wako kwenye korosho. Baada ya hapo mvua hufunga njia hadi Aprili.

Matokeo yakirudi, usisherehekee badiliko kwa sababu tu halimo kwenye hazina za data. Hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na kitu cha kawaida Newala kinaweza kuonekana adimu huko. Programu inayotafuta herufi moja moja za vinasaba pia hupitwa na vipande vilivyofutika: badiliko la jeni ya OCA2 linalosababisha ualbino kwa wengi Tanzania ni ufutiko wa herufi zipatazo 2,700. Katika RPGR, jeni iliyo kwenye kromosomu ya X, kuna eneo la ORF15 lenye herufi zinazojirudia mno, na usomaji wa vipande vifupi hulikosa. Wanaume wakiwa ndio wagonjwa na jibu likaja tupu, omba usomaji wa vipande virefu.

Mabadiliko mawili katika jeni moja hayajathibitisha kitu mpaka upime wazazi, maana yote mawili yanaweza kukaa kwenye nakala moja. Hapo ndipo baba wa damu anaweza kutofautiana na baba wa nyumbani. Amueni kabla ya kutoa sindano kwamba hilo halitasemwa kwa yeyote, na liandikwe kwenye fomu ya ridhaa mnayopeleka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Jibu lolote litakalofika kwa mgonjwa lithibitishwe kwanza kwa tyubu ya pili, iliyotolewa siku nyingine.