Mkuu usimchome huyo farasi kabla hajapimwa

Weka hiyo sindano chini. Unasema farasi wako jike alipandwa, mwezi umepita hajarudi kwenye joto, yaani hataki dume, unataka dozi ya prostaglandini (homoni ya kumrudisha jike kwenye joto) na chakula cha kumrudisha haraka. Mimi nilifanya hivyo hivyo huku Usa River, Arusha, nikaua kitoto tumboni.

Wangu alikuwa siku ya 33 tangu apandwe, dume nimemlipia laki nane, nikaona kimya. Nikaita bwana mifugo mmoja mzoefu wa ng'ombe, hata hakumpima, akasema homoni zimelala ngoja tuziamshe, akachoma. Nusu saa haijaisha farasi jasho chapachapa, anajigaragaza, naambiwa ndo dawa inafanya kazi. Siku ya tatu kijana wa bandani ananiletea kimfuko cha majimaji na damu amekikuta kwenye majani. Aisee nilikaa chini. Siku ya tano joto hilo, na yule bwana ananipigia simu eti unaona, si nilikwambia!! Mtu umekula hela yangu, umeniulia kitoto, halafu unataka nikupongeze?

Hakuna kilicholala. Yai likishatoka, pale lilipotoka panabaki tezi ya manjano inayomwaga projesteroni, homoni ya kutunza mimba, na projesteroni ndo inauzuia ubongo usiachie LH (homoni ya kutoa yai), na ndo inamfanya jike ampige dume mateke. Kama hana mimba, siku ya 14 au 15 hivi mji wa mimba wenyewe unatoa prostaglandini, tezi inakufa, projesteroni inashuka, estrojeni (homoni ya joto) inapanda, joto linarudi na LH inaanza kupanda. Tena kwa farasi LH inapanda polepole siku kadhaa, inafika juu kabisa yai limeshatoka, sio ng'ombe ambaye inaruka ghafla ndani ya masaa, kwa hiyo mtu wa ng'ombe asikudanganye. Akiwa na mimba, kile kimimba kichanga kinazunguka mji wa mimba wote mpaka siku ya 16 hivi kuuzuia usitoe prostaglandini. Sasa wewe unainunua dukani unamchoma nayo!

Tafuta daktari mwenye ultrasaundi. Angepimwa siku ya 14 mpaka 16, zimekupita, basi apimwe hata kesho, na mpaka daktari aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu tumboni, hakuna sindano. Kama uko upande wa Tengeru nina namba ya aliyekuja kunisaidia baadaye, njoo inbox leo leo kabla hujafungua hicho kichupa.