Kabla hujamtumia mumeo ile video ya mwanamume anayepika na kulea

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, mama mkwe alikuwa mgonjwa huko Lamu, hakuweza kuja kumlea mzazi. Sisi wa Mombasa tunajua maana yake: arobaini bila mtu wa kuchemsha maji, bila wa kupika uji wa pilipili manga, bila wa kumpokea mtoto saa nane za usiku. Nilikuwa na zile wiki 2 za likizo ambazo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa Kenya. Sikujua hata chumvi inakaa kwenye kopo gani.

Na kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitoka kazini najitupa kwenye kochi kutazama wale wanaume wanaofoka mbele ya kamera: mke akikwambia uoshe vyombo amekupanda kichwani, mwanamume halisi haombi msamaha, ukimsaidia jikoni umekaliwa chapati. Sikuzitafuta video hizo. Ya kwanza ilinikuta siku tuliyogombana nyumbani, nikaitazama hadi mwisho, na simu ikaweka kumbukumbu. Mitandao hii inahesabu ulipokaa, ulichorudia, ulichomtumia mwenzako. Ukikaa kwenye hasira, unaletewa hasira nyingine. Baada ya wiki chache nikaona kama dunia nzima inasema hivyo, kumbe ni sauti zilezile tano zinazunguka. Maneno yao yakaanza kunitoka mdomoni. Nilimwambia mke wangu, ana mimba ya miezi saba, kwamba mambo ya jikoni asinishirikishe. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Usiku wa tatu wa arobaini nilishika simu kutafuta namna ya kupika supu, nikakutana na Dennis Ombachi. Wapenzi wa raga wanamjua: alichezea timu ya taifa ya wachezaji saba na akaenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Siku hizi wengi wanamjua kwa jina la The Roaming Chef. Mtu aliyezoea kuangusha wanaume uwanjani, sasa anakata kitunguu. Hahubiri. Unaona mikono, kisu, sufuria, chakula kinaiva. Hakuna aliyeniambia kuwa wanaume tupike. Angeniambia, ningeipitisha kwa kidole. Niliirudia video ile mara tatu kwa sababu nilitaka supu, basi.

Asubuhi, nikimenya vitunguu, nikawaza jambo ambalo nimelitazama maisha yangu yote bila kuliona. Hapa kwetu Pwani biriani ya harusi hupikwa na wanaume, masufuria makubwa juu ya kuni, na watu huwaita kwa heshima. Mishkaki ya barabarani, nyama choma, chapati za hotelini, mikono ni ya wanaume. Hakuna anayesema wamekaliwa. Kumbe jiko halijawahi kumpunguzia mtu uanaume. Tunachokionea aibu ni kumpikia mke wako mwenyewe, bila malipo, bila watu wa kukusifu.

Ombachi huyohuyo amezungumza hadharani kuhusu kuishi na bipola, ugonjwa unaoyumbisha hisia za mtu. Kwa mtu aliyelelewa kwa "jikaze kisabuni", kumsikia mchezaji wa taifa akisema hayo kwa sauti ya kawaida kulinifungua. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mimi mwenyewe silali vizuri. Alinisikiliza huku akinyonyesha.

Siku ya kumi na mbili Baba alikuja kutoka Malindi, akanikuta uani nimeinama kwenye beseni la nepi, povu hadi viwikoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akavuta kigoda, akaketi, akanitazama muda mrefu. Nilingoja anikemee. Akasema, "Mama yako alipokuzaa wewe, na mimi nilifua. Usiku. Nikaanika chumbani, watu wasione." Kisha akainuka, akachukua nepi moja, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba ya nje, upande wa njia.

Ndiyo maana nazithamini hizi video za wanaume wanaofanya kazi za nyumbani. Kazi ambayo baba zetu waliificha, mwingine anaifanya mchana kweupe mbele ya watu wasiomjua, na kijana aliyeko Kisauni anaiona.

Akina dada huniuliza wawatumie waume zao video gani. Usimtumie mhadhara, na usiiweke kwenye grupu la familia. Hapo umemwaibisha, na mwanamume aliyeaibika hujifunga. Mtumie peke yake, ya kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho: kumfunga mtoto nepi, kukanda unga wa chapati, kusuka nywele za binti. Akiikosea mara ya kwanza, muache aikosee. Ukimnyang'anya mwiko, hatarudi. Kama alikua bila baba, mtafutie Rob Kenney, yule Mmarekani aliyeachwa na baba yake akiwa kijana, ambaye tangu mwaka 2020 anawafundisha watu kwenye YouTube kufunga tai na kunyoa ndevu, kwa upole wa mzazi. Nimeona watu wazima wakilia.

Kwa wewe mwenye simu iliyojaa hasira kama yangu: unaweza kuisafisha. TikTok inakuruhusu kuanza upya mapendekezo yako, na YouTube inakuruhusu kufuta historia ya ulivyotazama. Kisha kwa wiki nzima kaa kwa makusudi kwenye vile unavyotaka viongezeke.

Mtoto wa kiume naye usimnyang'anye simu. Keti naye, mtazame pamoja hao wanaofoka, umuulize swali moja: huyu anauza nini? Wengi wao mwishoni wana kozi ya kulipia. Wiki iliyopita kijana wangu wa miaka 11 aliisimamisha video katikati, akanigeuzia simu. "Baba, na huyu anauza." Akaiweka mezani, tukaenda kukanda unga.