Umeniomba elfu 50 ukomboe ada? Soma hii kwanza

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Makorora, hapa Tanga, anasema kaka nimebeti ada ya chuo ya mdogo wangu, laki na 80, imeliwa yote, nikopeshe elfu 50 tu niikomboe, mechi za wikiendi nishazisoma. Kilichonishtua sio ada, ni hilo "niikomboe", maana na mi nilikuwa nasema hivyohivyo.

Mi nilianza kwa jero jero pale Ngamiani, nauza kava za simu, wateja hamna, jirani anasuka mkeka, yaani anaunganisha mechi kibao kwenye beti moja, na mi nasuka. Na niwaambie ukweli, sikuharibiwa na kuliwa, niliharibiwa na kushinda. Mkeka wa mechi 9 ukatiki wote, 1,240,000 ikaingia kwenye simu, mtaani wakaanza kuniita profesa. Toka siku ile kila nikiliwa naona kama kuna mtu nimemkopesha, lazima arudishe. Na mkeka ukichanwa na timu moja ndo kabisaa, unajiona ulikuwa karibu, kumbe hiyo karibu ndo ndoano yenyewe, upatie 11 kati ya 12 au upatie 2, kwenye mkeka wa kawaida malipo sifuri. Jero ikawa elfu 5, ikawa elfu 20, usiku mechi zikiisha nahamia kwenye kindege, ule mchezo wa kubeti wa ndege kwenye simu, kile hakina hata dakika 90 za kusubiri.

Sasa mama yangu alikuwa mwekahazina wa kikoba. Menyu za simu hazimpandi, hela za kina mama ziko kwenye laini yake ila namba ya siri naijua mimi. 380,000. Nikaiweka yote kwa timu ya Ujerumani nisiyojua hata inavaa jezi gani. Siku ya kugawana nikamwambia mama mtandao unasumbua. Siku 3 mtandao unasumbua! Akauza cherehani yake akalipa, hakunitukana, kina mama wakamvua uhazina. Mpaka leo kwenye harusi za mtaani hapewi kushika hela ya upishi, anapewa vitunguu amenye. Hilo halijanitoka.

Baba mdogo ndo alinipeleka hospitali ya Bombo kwa watu wa afya ya akili, nikabisha njia nzima kwamba mi sio chizi. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013 una dalili 9, ukiwa na 4 ndani ya miezi 12 umo: kuongeza dau upate msisimko uleule, kujaribu kuacha ukashindwa, kuwa mkali ukizuiwa, kufukuzia hela iliyoliwa, kuficha na kudanganya, kutegemea watu wakutoe kwenye madeni. Mi nilikuwa na 7. Hakuna palipoandikwa lazima uliwe milioni, kwahiyo wewe wa jero usijifariji.

Kilichonisaidia ni kusema. Mwambie mtu, na sio mshkaji unayebeti naye, mtu wa nyumbani. Halafu hela zisipite kwako, mauzo yangu yote anapokea mke wangu na laini ya hela anakaa nayo yeye. Nilipiga huduma kwa wateja wa kampuni nikaomba akaunti ifungwe, wiki ileile wakanitumia ofa ya beti ya bure, ikabidi nibadili laini. Mikopo ya simu achana nayo. Na mwambie mtu, narudia. Wamarekani wana Gamblers Anonymous toka 1957, ilianzia Los Angeles, wacheza kamari wanakaa wanasimuliana yaliyowakuta. Sisi huku tuko 3, baada ya isha tunakaa barazani na kahawa na kashata, mwezi wa 14 huu sijabeti.

Vijana wa Tanga tuache kudanganyana eti ni kujiajiri. Al-Maida aya ya 90, ile inayokataza kamari, naijua toka madrasa, na nilikuwa natoka Ijumaa nabeti kabla sijavaa ndala. Aya hukosi, unachokosa ni kuona aibu mapema.

Wewe wa Makorora, elfu 50 sikutumii. Muite mdogo wako umwambie leo, sio mtandao unasumbua, mwambie nimeibeti. Ukishamwambia, yeye mwenyewe anitumie kontrol namba ya chuo, ntaanza kulipia kidogo kidogo.