Kazi moja mishahara miwili: usitoke kabla hujaandika barua

Dadangu, umeuliza kama utoke kazini kwa sababu kijana uliyemfundisha kazi anakuzidi mshahara. Pole sana, lakini usitoke kwanza, hiyo njia nimeipita.

Nilikuwa karani wa stoo kwa godauni moja Industrial Area, mwaka wangu wa nne. Jioni moja naenda kuchukua delivari noti kwa printa nakuta orodha ya mishahara imesahaulika pale, jina langu na la mwenzangu yanafuatana, mimi 33,000 yeye 41,500, na ni mimi nilimwonyesha hata leja inajazwaje. Niliirudisha vile ilivyokuwa (usiibebe kamwe, watakufuta nayo). Kesho yake nikamuuliza meneja, akaniambia hivi, "Yule ana familia ya kulisha." Mimi nalea watoto wawili peke yangu na alijua.

HR wakaja na lingine, eti yeye ni msimamizi msaidizi mimi ni karani tu. Wengi huachia hapo. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 5 inasema malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, haijasema cheo sawa. Na ukidai umebaguliwa, mwajiri ndiye anafaa kuthibitisha hakubagua. Kama ni masomo au uzoefu wa huyo kijana, sawa, mwajiri auonyeshe.

Kwa hivyo wiki mbili nzima nikawa naandika kwa kijitabu nani amefungua stoo, nani amepokea lori, nani amehesabu mali, na nikaweka rota za zamu, maana kama leo ni mimi na kesho ni yeye, kiti kile kile funguo zile zile, hiyo kazi inatofautiana wapi? Halafu nikaandika barua ya heshima kuuliza sababu, nakala yangu nikaigongesha muhuri. Wiki tatu kimya. Nikaenda kwa afisa wa leba, akawaita. Niliogopa kufutwa lakini kifungu cha 46 kinakataza kumfuta mtu kwa sababu amelalamika, mradi lalamiko liwe na msingi.

Walinipandisha hadi 41,500. Malimbikizo wakatoa ya miezi sita pekee, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba sidai kitu tena, na kwa sababu karo ilikuwa imenibana nikasaini hapo hapo mezani. Hiyo inaniuma mpaka leo, miezi kumi na minne iliyobaki ya jasho langu ilienda hivyo. Ukiletewa karatasi kama hiyo enda nayo nyumbani, mwonyeshe wakili au afisa wa leba kabla hujashika kalamu.

Na usikae sana, kesi za kazi zina muda wa kufunguliwa, miaka 3, na kwa madhara yanayoendelea ni miezi 12 tangu yakome.

Rota ya mwezi huu uko nayo? Anza na hiyo.