Duka la kanga: wateja wakae wapi, jina la kanga lisomeke vipi?

SWALI: Nauza kanga kupitia kundi la WhatsApp. Akina mama wa kundi wanachagua majina, wanapanga sare za harusi, wanataniana. Sasa nimepata fremu Tanga, mita 4 kwa 8. Fundi wa mapambo ananishauri niweke mlango wa nakshi, majahazi ya mbao na picha za Mji Mkongwe. Nataka duka lifanane na kundi letu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, nakshi na majahazi achia maduka ya watalii. Utamaduni wa kundi lako ni mambo manne: kukaa, kusoma majina, kukata na kupinda doti (jozi ya kanga), na kuagiza sare. Kila moja litengewe nafasi yake sakafuni kabla hujanunua hata rangi ya ukuta.

Anza na baraza. Lijengwe ukutani tangu karibu na mlango, urefu mita 3, kimo sentimita 42, upana 45. Aliyekaa hunyoosha miguu kama sentimita 60 hivi, kwa hiyo meza ya bidhaa isisimame mbele yake. Hapo ndipo maduka mengi huharibika: meza huwekwa katikati ipendeze pichani, njia inabaki ya kupita kiubavu, na baada ya wiki mbili baraza limegeuka pa kurundikia mizigo. Njia kuu isipungue sentimita 120.

Juu ya baraza tundika kanga mbili zilizofunguliwa. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, hivyo mbili zinajaza mita 3 zako barabara. Fito iwe mita 2.25 kutoka sakafuni: kanga inaishia mita 1.15, na jina, ambalo hukaa juu kidogo ya pindo la chini, linaangukia kwenye mita 1.4 hivi. Anayesimama analisoma bila kuinama, na vichwa vya waliokaa havilizibi. Fito ikishushwa hadi mita 2, jina linapotea nyuma ya vichwa vyao.

Rafu ziwe ukuta wa pili, kina sentimita 40. Doti zikunjwe jina likitazama nje, na zipangwe kwa maudhui: mama, mapenzi, harusi, mafumbo. Mpangilio wa rangi unavutia macho, lakini mteja anaingia akiuliza "mna ya mama?", na muuzaji anabaki kufukua rafu nzima kutafuta "Nani kama mama". Mafumbo yakae ndani. Ukitundika "Usisafirie nyota ya mwenzio" mlangoni, kuna jirani atakayeamini umemlenga yeye.

Taa ndizo zenye kosa la gharama kubwa. Taa za manjano za 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) hufanya nyeupe ionekane krimu, na buluu iliyoiva ionekane nyeusi. Ukiona wateja wanatoka na kanga nje kuitazama juani, ujue taa zimekosewa. Chukua 4000K zenye alama ya CRI 90 au zaidi kwenye boksi; CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Kwa fremu yako, tyubu nane za LED za wati 18 zinatosha. Kioo cha kujitazamia, kirefu cha mita 1.5, kikae karibu na mlango mwanga wa mchana unapofika. Kama mlango unatazama magharibi, kanga za mbele zibadilishwe kila wiki mbili, maana jua la alasiri hupausha mikunjo kwanza.

Nyuma weka meza ya kukatia ya sentimita 120 kwa 180, kimo 90, na cherehani pembeni yake. Doti ina ncha nne za kupinda, jumla mita 4.4 za mshono. Mteja anasubiri barazani huku akisoma majina mengine, na mara nyingi anaondoka na doti ya pili.

Kwa unyevu wa pwani, usitumie MDF (mbao za unga ulioshindiliwa) kwenye rafu za chini, huvimba. Acha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta, na 15 kutoka sakafuni. Sare zitengewe rafu ya peke yake karibu na daftari la oda, kila fungu likiwa na karatasi yenye jina la shughuli, idadi na tarehe. Zikichanganywa na za rejareja, muuzaji atauza doti tatu za sare ya watu, na mzigo mwingine wa rangi ileile huenda usipatikane.

Kabla fundi hajapigilia chochote, chora vipimo vyote kwa chaki sakafuni, kisha waite wanakundi watano wakae na wapite humo na mikoba yao.