Cartier Tank ina nini hasa?

Swali: Habari za kazi mhariri. Mjomba anataka kununua saa ya zamani ya Cartier Tank, nimeona picha, ni kijisaa cha pembe nne hakina hata tarehe ila bei inatisha. Ina nini jamani? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Ina mengi! Louis Cartier, wa ile familia yenye kampuni ya vito na saa ya Cartier, aliichora 1917 huko Ufaransa, vita vya kwanza vya dunia bado vimepamba moto, na inasemekana wazo alilitoa kwenye vifaru vya kivita vya kampuni ya Renault (kwa Kiingereza kifaru ni "tank"), yaani ukiitazama kwa juu zile pau mbili za pembeni ndo minyororo ya kifaru na katikati ndo bodi lake. Madukani ikaingia 1919.

Sasa isogeze karibu uone: namba za Kirumi, mishale ya bluu, kijiwe cha bluu pale pa kutilia ufunguo, halafu kwenye nyingi jina Cartier limefichwa kwa viherufi vidogo sana ndani ya namba VII, mi hapo ndo huwa naishiwa maneno kabisa. Msanii wa Marekani Andy Warhol aliivaa bila hata kuitia ufunguo, alichotaka ni kuivaa tu. Ya Jackie Kennedy, mke wa rais wa Marekani John F. Kennedy, ilipigwa mnada New York 2017 kwa dola 379,500.

Mjomba mwambie akague uso usiwe umepakwa rangi upya, na kona zisiwe zimesuguliwa mpaka zikaisha, maana umbo ndo saa yenyewe.